Kikapu Kinachoonja Nyongo

Siku mwanangu aliponiletea ile karatasi, nilidhani ni ramani ya mgono, ule mtego wa samaki wa kusuka. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, beseni mbele yangu, nimeloweka kekele, ile kamba ngumu ya msituni tunayosukia vikapu na viti na mitego ya samaki. Akanitandikia karatasi juu ya magoti. Niliona mdomo, niliona tumbo, niliona fito zimepangwa ubavu kwa ubavu zikizunguka mpaka zikakutana, na pembeni vizingo kadhaa kama kamba iliyoviringwa kwenye kijiti. Nikamuuliza ni fundi gani wa mto gani anayesuka mgono wa namna ile, maana mdomo ulikuwa mwembamba mno, na huyo fundi anavua samaki gani.

Akacheka. "Papa, hii haivui samaki. Hii njo inaonja."

"Inaonja nini?"

"Nyongo."

Nikacheka na mimi. Kisha akaniambia kitu kile ni cha nani. Ni cha kidudu cha kipindupindu, kinasimama kwenye ngozi yake. Sikumwacha amalize. Nilimrudishia karatasi yake, nikainama kwenye beseni nikaanza kugeuza kekele ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Huyu ni binti yangu wa pili. Wa kwanza alichukuliwa na kipindupindu wakati mji ulipofungwa, huyu akiwa bado tumboni mwa mama yake. Alijua hivyo, amekua akijua. Ndiyo maana niliona kama amenitukana mchana kweupe, katika uwanja wangu, kwa karatasi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Baba yangu, msukaji naye, alisema akili yangu iko mikononi, nami sikuwahi kubishana naye. Kabla ya vita wavuvi wa ng'ambo zote mbili walikuwa wanakuja mtaani kwetu Mikelenge kutafuta migono yangu. Mgono mzuri ni kitu cha kuheshimu. Samaki anaingia mwenyewe, hakuna aliyemsukuma, na akitaka kurudi anakuta ncha za fito zinamtazama usoni. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na vidole kumi.

Halafu vita ikaja, wanajeshi walioshika mji wakawa ndani, na wapiganaji wa msituni wakatuzunguka. Njia ya Kalima imefungwa, njia ya Pangi imefungwa, treni haiji. Ukitoka kwenda shambani hawa wanasema wewe ni wa wale, ukifika shambani wale wanasema wewe ni wa hawa. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi mpaka ulimi ukasahau. Chumvi ilikuwa inashuka na ndege, na kabla haijagusa ardhi ilikuwa na wenyewe.

Watu wa mji huu wamezoea kusema vita ilitufanyia hivi, vita ilitufanyia vile. Mimi nakataa. Vita haina mikono. Waliokuwa na mikono nawajua. Wa kwanza ni mwenye duka la pembeni mwa soko, aliyeficha magunia ya chumvi nyuma ya pazia akauza kwa kijiko cha chai, tena kwa anayempenda. Wa pili ni komanda wa barieri, kizuizi cha askari kivukoni, yule mwenye mabuti ya mpira ya njano. Wa tatu ni shefu wa avenyu yetu, ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani katoka na nini na karudi na nini. Majina yao yote matatu ninayo. Mwanangu amenikataza kuyaandika. Sawa. Lakini wenyewe wakisoma watajijua, na mtaa wetu hauna haja ya kuambiwa.

Binti yangu mkubwa alianza kuharisha asubuhi, maji meupe kama ya kuoshea mchele. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yamezama na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Muuguzi alituambia hakuna serumu hata moja ya kumtundikia mtoto, wanajeshi wamezibeba. Akasema tuchemshe maji, tutie sukari na chumvi, tumnyweshe polepole bila kuacha. Utamu wa miwa tulikuwa nao. Mke wangu alitaka kuchoma majani ya mtoni apate ile chumvi ya majivu ambayo watu walikuwa wanatumia, muuguzi akakataa, akasema inatakiwa ya kweli. Nikaenda kwa mwenye duka. Aliniambia imeisha, na huku naona pembe ya gunia imetokeza chini ya pazia.

Ng'ambo ya mto, Alunguli, nilikuwa na rafiki aliyekuwa anasukuma baiskeli kutoka Kalima kwa njia za msituni, mzigo huku, mauti huku. Alinigawia viganja viwili vya chumvi. Nilikuwa nimevuka na mgono wenye matumbo mawili, moja ndani ya lingine, niliousuka kwa ajili ya siku kama ile. Katikati ya yale matumbo nikaweka chumvi, imefungwa katika jani, ukiutikisa husikii kitu. Sijawahi kusuka kitu kizuri kuliko ule.

Shefu wa avenyu alikuwa amekaa kivulini pale barieri. Aliona tu ninavyoubeba mgono, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akamtazama komanda, halafu akautazama mgono. Basi, hiyo ndiyo kazi yote aliyoifanya.

Komanda akaniuliza samaki wako wapi. Nikamwambia leo mto umekataa.

"Muto umekataa," akasema, "na mugono tupu unaubembeleza."

Akachana tumbo la nje kwa kisu. Chumvi ikamwagikia buti lake. Akainama, akachovya kidole, akaonja. Uso wake ulivyobadilika pale ninao mpaka leo. Nilimwambia mtoto anakufa, nilimwambia mara nyingi. Akasema mkono unaoficha chumvi leo kesho utaficha risasi. Waliulaza mkono wangu wa kulia juu ya gogo la kufungia mitumbwi. Walichukua kidole cha shahada na cha kati. Dole gumba, cha pete na cha mwisho waliniachia. Aliyeshika panga alikuwa askari mdogo tu, lakini aliyetoa neno ni yeye, komanda.

Mtoto alikufa kesho yake asubuhi. Nilipoingia uwanjani na mkono umefungwa kitambaa, mke wangu hakuuliza habari ya mkono. Nami sikuuliza habari ya mtoto.

Kwa hiyo siku zile za karatasi sikuwa na hamu ya kusikia habari za kidudu kile. Binti yangu aliniacha siku tatu. Siku ya nne alikuja na kigoda chake akakaa mbele yangu, akaniambia shida yake bila kuzunguka. Walimu wake walikuwa wamekwisha kumwita mara moja aeleze kazi yake ya kumalizia masomo ya chuo kikuu, naye alionyesha picha zake bapa za karatasi, maana siku hiyo umeme haukuwepo na mashine ya kuonyeshea ukutani ilikuwa kartoni tu, haiwaki. Profesa mmoja mgeni, aliyekuja mjini kwa ajili ya mitihani ile, alimwambia kwamba umbo ambalo mtu hawezi kulizungusha mkononi bado hajalielewa. Alete kitu cha kushika, kilichofuata umbo la kweli, ama asubiri mwaka mwingine. Wewe unayesoma, kwenu labda mwaka mwingine ni mwaka mwingine. Kwetu maana yake umemaliza. Nimewaona walioambiwa wasubiri, leo wako Kalima wanachimba mawe ya bati na watoto mgongoni.

"Papa, mimi sijui kusuka," akasema. "Na yule dada yangu, ninataka nijue kitu kilichomuua kilijuaje kwamba kimefika kwake."

Nikamwambia niko na mkono mmoja na nusu. Akasema unatosha.

Tulianza kesho yake. Mimi nasuka, yeye ananieleza, na nikikwama anachora mchangani. Nilijifunza kwamba kidudu kile hakina jicho wala sikio. Kinaelea mtoni bila kumdhuru mtu, hakitengenezi sumu, maana kuimwaga sumu mtoni ni kuitupa bure. Mtu akinywa maji yale, kidudu kinashuka tumboni, na sasa lazima kijue kwamba hapa si mtoni tena. Kitajuaje? Kwa kuonja. Katika utumbo wetu kuna nyongo na mtoni hakuna. Kwenye ngozi yake kimesimamisha hivi vikapu. Nyongo ikiingia na kukaa, kikapu kinakaza, mguu wake uliopenya ngozi mpaka ndani unapata nguvu ya kushika maagizo yaliyoandikwa humo, na amri ya kutengeneza sumu inatoka. Hapo ndipo mwili unapoanza kumwaga maji yake yote.

Nilimuuliza kikapu kina ukubwa gani. Akaangalia huku na huku, akasema kidudu kikiwa uwanja wetu huu, tangu ukuta wa jikoni mpaka mpapai, kikapu ni sanduku la kiberiti. Na kidudu chenyewe hukioni kwa jicho. Nikauliza basi walichora vipi. Akasema huko kwenye maabara kubwa wanazikusanya protini nyingi za namna moja, ndilo jina la vikapu hivi, wanazipanga mpaka zigande kwa mistari kama chembe za chumvi, halafu wanazipiga mwanga wenye nguvu na kusoma madoa yanayotoka upande wa pili. Kama chembe za chumvi. Aliona nimeutazama mkono wangu wa kulia, akabadilisha maneno.

Lakini kitu kilichonishinda kabisa ni kusikia kwamba hakuna anayekisuka. Protini ni kamba moja tu, ndefu, ya vipingili vidogo kama shanga. Inatoka imenyooka, halafu inajikunja yenyewe. Hapa inajizungusha kama springi, hapa inalala kama ufito kando ya ufito mwenzake, mpaka inafunga tumbo. Nimesuka tangu mtoto, najua kekele inavyokuwa mbishi, inavyokukata ukiisahau kidogo. Na hapa kuna kamba inayojua mgono wake kabla fundi hajazaliwa. Niliweka kazi chini. Nilikuwa nakichukia kitu kile, na papo hapo ningependa nimwone aliyekifundisha nimpe mkono.

Tena si kamba moja, ni mbili. Kubwa ndiyo yenye mguu. Ndogo ni msaidizi wake. Kubwa ikiwa peke yake inalegea, inaliwa na kidudu chenyewe. Zikishikana, fito nyingine zinatoka kwa huyu na nyingine kwa yule, zinakuwa tumbo moja, na ndani ya tumbo hilo panakataa maji, kama kikapu kilichopakwa mafuta. Nyongo ni jamaa ya sabuni, basi inaona ndani mle ndimo pa kulala. Mimi nilisuka matumbo mawili nikaficha chumvi viganja viwili, nikajiona fundi. Kidudu kisichoonekana kinasuka mamia, bila mkono, na hakuna komanda anayeyachana.

Nilisuka miezi miwili. Kekele nyekundu, niliyoichovya katika rangi ya mti, kwa ile kubwa, nyeupe kwa msaidizi. Nyongo tuliichonga kwa kipande cha sabuni. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kila akipita alikuwa na la kusema.

"Shemeji, siku hizi unajengea mikrobe nyumba? Ya kwako yenyewe inavuja."

Nikamwambia huyu mpangaji ni mtulivu kuliko yeye.

Shefu wa avenyu naye alipita. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, anasalimia kila mtu kwa upole. Mwenye duka alikufa kitandani kwake kwenye shuka nyeupe. Komanda anauza mabati, nikipita anainua mkono kama jirani. Lakini shefu, hata leo hawezi kupita bila kujua mtu anasuka nini. Alisimama kwenye ua, akanyoosha shingo.

"Fundi, na hii tena njo nini?"

Mimi sijibu. Ni miaka na miaka simjibu. Mke wangu, aliyekuwa anachambua sombe, ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa.

"Njo mupelelezi, mzee. Inakaa mulangoni, inaonja nani amefika, inapeleka habari ndani. Halafu watoto wanakufa."

Mzee alisimama kidogo, fimbo ikichora mchanga. Kisha akaenda. Mke wangu akaendelea na majani yake. Nilifurahi, sitadanganya. Ila baadaye nilimwambia amekitukana kikapu. Kidudu kikionja nyongo hakina la kuchagua, kimeumbwa hivyo. Shefu alikuwa na la kuchagua. Angeweza kutazama mto.

Siku tano kabla ya kuitwa tena na walimu wake, kikapu kilikuwa tayari. Kilikuwa na urefu wa mkono, kimesimama juu ya mguu wake, vizingo vyake vimekaza kama vya chuma. Binti yangu alirudi akiwa na mikono michafu ya grisi, maana alikuwa anatengeneza pedali ya baiskeli yake njiani. Akakinyanyua kwa furaha, akakizungusha. Akakizungusha tena. Nikaona furaha inatoka usoni mwake polepole, kama maji yanavyoingia mchangani.

"Papa, vizingo ulizungusha kwa mukono gani?"

"Wa kushoto. Niko na gani mwingine?"

Akaenda kwenye baiskeli akarudi na visi, skrubu yenye mistari ya kuzunguka, akaiweka kando ya kizingo. Mistari ya visi ilipanda kwenda huku, ya kwangu ilipanda kwenda kule. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Kila mtu aliyesukuma baiskeli katika nchi hii anajua kwamba pedali ya kushoto visi yake inageuka kinyume cha zote, na ukisahau ukaifungua kama nyingine unaiharibu. Nilikuwa nimemsukia mwanangu pedali ya kushoto.

Nikamuuliza kama ni kitu kikubwa, maana umbo ni lile lile.

"Njo yote, Papa. Vizingo vya protini vinageukaka upande mumoja, huu wa visi, kwa kila kitu chenye uhai. Vya kidudu, vya samaki, vyako."

"Vyangu?"

"Vyako."

"Hata vya komanda?"

Akaigeuza visi mkononi. "Hata vyake."

Akanionyesha kwa ile sabuni. Ilikuwa imechongwa kwa kufuata karatasi, na katika tumbo nililolisuka haikukaa vizuri, ilisimama upande kama kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia. Mimi nilikuwa nimeona hivyo wiki iliyopita, nikadhani ni kosa la sabuni, nikaikwangua. Mke wangu akatoka na kioo chake cha kusukia nywele, akakiweka mbele ya kikapu. Ndani ya kioo kila kitu kilikuwa sawa, kinageuka vizuri kabisa.

"Basi muwaonyeshe kwenye kioo," akasema.

Tulicheka wote watatu, kisha binti yangu akaanza kulia akiwa bado anacheka. Akasema si kitu, atakwenda na karatasi zake. Nilijua kinachofuata karatasi, ni mwaka mwingine.

Siku hiyo nilijaribu kusahihisha kwa mkono ule ule wa kushoto. Kizingo cha kwanza kinakwenda sawa, cha pili sawa, cha tatu mkono unarudi kwake wenyewe kabla sijaona. Niliufundisha mkono ule mwenyewe, miaka, baada ya kivuko. Niliufundisha kwa hasira, na ulijifunza vizuri mno. Nikakata, nikaanza tena, ukarudi tena.

Chini ya paa letu kuna mgono mmoja uliobaki wa kabla ya vita. Sikuuuza, sikuuvulia, sikuushusha. Asubuhi ya pili nilipanda juu ya kiti nikaushusha, nikaupangusa masizi. Nikafuata uzi wake wa kufungia kwa kidole, kuzunguka, kuzunguka. Ulikuwa unapanda kama visi. Mgono wote, fundo kwa fundo. Vidole vyangu kumi vilikuwa vinasuka upande ambao kila chenye uhai kinageukia, na sikujua. Walipokata viwili, waligeuza na kazi yangu nzima, ikaangalia kule.

Nikamwita binti yangu. Nikauweka mgono wa zamani mbele yetu uwe mwalimu, nikashika kijiti kwa mkono wa kushoto, na kekele nikaishika kwa wa kulia, kati ya dole gumba na kidole cha pete. Tangu siku ya gogo sikuwahi kuupa mkono ule kazi zaidi ya kushikilia. Ukivuta unauma mpaka kwenye kiwiko. Na ukivuta kekele inateleza, kwa sababu pale inapotakiwa kubanwa hapana kidole. Mwanangu akaangalia mara mbili tatu. Kisha akaingiza kidole chake cha shahada mahali pale pa changu, akabana.

"Vuta, Papa."

Tulisuka hivyo siku nne, bega kwa bega. Mama yake anapasua kekele na kuzilowesha, sisi tunazungusha. Mwanzoni tulikuwa tunagongana, mimi navuta kabla hajabana, yeye anaachia kabla sijavuta. Siku ya pili hatukuwa tunaambiana tena. Nikakumbuka yale ya protini kubwa na msaidizi wake, fito nyingine kwa huyu na nyingine kwa yule, nikataka kumwambia, nikaona aibu. Alikuwa mwenyewe ameshaona, maana alisema tu, "Njo hivyo," bila kuniangalia. Siku ya nne tulichonga sabuni mpya, kwa kufuata karatasi ile ile. Iliingia tumboni ikatulia. Ukitikisa, husikii kitu.

Kile kikapu cha kushoto tulikiacha nyuma ya nyumba. Kuku ameanza kutagia ndani.

Siku yenyewe mimi na mke wangu tulikaa benchi la nyuma. Nilivaa koti la kaka yake, mkono wa kulia nimeuficha katika mfuko kama desturi yangu. Binti yangu alisimama mbele na kikapu juu ya meza. Umeme haukuwepo tena na hakuna aliyejali. Alieleza mto, alieleza tumbo, alieleza nyongo. Alichomoa sabuni akairudisha, na kila alipoirudisha watu wa mbele walisogeza vichwa. Niliona mwalimu mzima amefungua kinywa kama mtoto mbele ya mgono unaotolewa majini. Nikasema moyoni, tazameni vizuri, kitu hiki kiliniua mtoto, na ni kizuri.

Profesa mgeni hakufungua kinywa. Alinyoosha mkono, akapewa kikapu. Alikizungusha mbele ya macho, juu, chini. Kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa mara moja. Aliinua mkono wake wa kulia, akasimamisha dole gumba, akakunja vidole vingine, akausogeza kando ya kizingo cha kwanza. Akatazama dole gumba linakoelekea na vidole vinakogeukia. Akaenda kizingo cha pili. Cha tatu. Alikuwa anapima upande.

Nilitoa mkono wangu mfukoni. Niliusimamisha juu ya goti, palepale mbele ya watu, dole gumba juu, kidole cha pete na cha mwisho nikavikunja. Vilitosha. Viligeukia kule kule vilikogeukia vidole vyake vyote, na tulihesabu vizingo pamoja, yeye huko mbele, mimi nyuma, mpaka cha mwisho.

Akakirudisha kikapu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Nani alisuka?"

"Papa yangu," binti akasema. "Kwa mukono wa kuume."

Profesa akageuka akatafuta kwa macho mpaka akatupata. Alimwambia binti kwamba sasa anaweza kuendelea na maswali mengine, maana la umbo limekwisha. Aliulizwa mengi, sikuyafahamu, yeye aliyafahamu. Walitoka, wakarudi, wakasoma karatasi, nikasikia jina la mwanangu na neno la kufaulu, watu wakaanza kupiga makofi.

Mimi nilikuwa bado nimekaa, mkono juu ya goti, dole gumba limesimama. Umekaza, umekataa kufunguka kwa kazi ya siku nne. Mke wangu ndiye aliyeushika, akavifungua vile vidole viwili, kimoja kimoja. Kisha nikapiga makofi, kwa namna ninavyopiga.